Namna ya Kuitafutia Biashara Ndogo Nafasi Yake Mbele ya Washindani

Muulize mwenye biashara ndogo anatofautiana vipi na mwenzake anayeuza kitu kilekile, na mara nyingi utajibiwa: kwetu ni ubora, huduma nzuri na bei nafuu. Nenda kwa huyo mwenzake umuulize swali hilohilo. Atakujibu vilevile, pengine kwa mpangilio uleule. Mteja naye husikia maneno hayo kila anakopita, na kwa kuwa hayamsaidii kuchagua, anashika kitu pekee anachoweza kukipima papo hapo: bei. Hapo ndipo biashara nyingi zinapobanwa. Bidhaa zao ni nzuri, mafundi wao wanajua kazi, lakini mteja hana sababu ya kuwachagua wao zaidi ya punguzo, na punguzo kila mtu anaweza kulitoa.

Kuitafutia biashara nafasi maana yake ni kumpa mteja sababu hiyo. Nafasi yako ni mahali unapokaa kichwani mwa mteja anapolinganisha, pale anapojiambia: "kwa jambo hili, hawa ndio wenyewe." Kampuni kubwa inaweza kuinunua nafasi hiyo kwa matangazo ya miaka mingi. Mwenye mtaji mdogo hana fedha hizo, ila ana uwezo ambao kampuni kubwa huupata kwa shida sana: anaweza kuwaacha wateja wengi wapite ili wachache awafae kikamilifu. Hatua zote zilizo hapa chini zinategemea utayari huo wa kuacha. Asiyekuwa nao ataishia na kauli nzuri ukutani na mauzo yaleyale.

Ili tusizungumze hewani, nitatumia mfano mmoja wa kubuni tangu mwanzo hadi mwisho: karakana ya ushonaji yenye mafundi wachache, inayoshona kila kitu kinacholetwa, kuanzia magauni ya sherehe na mapazia hadi sare za wafanyakazi, na ambayo imeanza kuona wateja wakihama.

Hatua ya 1: Jiulize mteja angefanya nini kama usingekuwepo

Wengi huorodhesha washindani kwa kuangalia nani anauza kitu kinachofanana na chao. Njia hiyo inaacha nje sehemu kubwa ya ushindani. Jiulize badala yake: nikifunga biashara kesho, wateja wangu watafanya nini?

Kwa karakana yetu, mteja wa sare ana njia nne. Atakwenda kwa fundi mwingine. Ataagiza sare zilizokwisha kushonwa kiwandani. Atawaambia wafanyakazi waje na mashati yao meupe na suruali nyeusi, kisha awape beji. Au ataahirisha jambo lote hadi mwaka ujao. Mwenye karakana anaweza kutumia nguvu zake zote kupambana na fundi wa jirani, kumbe wateja wengi zaidi wanachukuliwa na ile njia ya tatu ya mashati na beji, ambayo haina hata duka.

Chukua karatasi, andika kila njia, na mbele ya kila moja andika inampa mteja nini na inamnyima nini. Uwe mkweli hapa. Kama sare za kiwandani ni za bei ya chini kuliko utakayoweza kuifikia, andika hivyo. Kama mashati na beji yanamwondolea mwajiri gharama yote, andika pia. Karatasi hii ni ya macho yako mwenyewe, na ukijidanganya hapa kila hatua inayofuata itajengwa juu ya uongo huo.

Hatua ya 2: Zungumza na waliokwisha kulipa

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Mwenye biashara huamini anajua kwa nini wateja wanakuja. Mara nyingi anachokijua ni sababu ambayo yeye mwenyewe angependa iwe ya kweli.

Tafuta watu kati ya 10 na 15 walionunua kwako miezi ya karibuni, maana anayekumbuka vizuri ndiye atakayekusaidia. Ongeza wawili watatu walioulizia bei kisha wakaenda kwingine, na wengine waliokuwa wateja wa kudumu wakaacha. Usiwape fomu ya kujaza. Piga simu au kaa nao, uwaache wasimulie.

Usiulize "mnatupendea nini?" Watu wenye adabu watakusifu, na sifa hizo hazina kazi. Ulizia yaliyotokea. Nini kilikufanya uanze kutafuta? Kabla ya kuja kwetu ulikuwa unapata wapi? Uliangalia nani mwingine? Kitu gani kilikaribia kukufanya usinunue? Mwenzako akikuuliza kuhusu sisi, utamwambiaje?

Mazungumzo ya mwenye karakana na msimamizi wa ofisi moja yanaweza kwenda hivi:

"Sare zenu ni nzuri, kwa kweli tumeridhika."

"Asante sana dada. Na kabla yetu mlikuwa mnapata wapi?"

"Tulikuwa tunaagiza za kiwandani."

"Ikawaje mkaacha?"

"Shida ilikuwa watu wapya. Mwezi wa tano tuliajiri wawili, tukaambiwa oda ya watu wawili hawachukui. Basi wakakaa pale mapokezi na nguo zao za nyumbani, na bosi kila akipita ananiuliza mimi. Nikatafuta fundi, akashona, lakini rangi ikawa si ileile. Unaona kabisa huyu mpya, huyu wa zamani. Kaka, nilichoka."

Angalia kilichotokea hapo. Sentensi ya kwanza haina faida yoyote. Ukiondoka nayo utaandika "sare bora" kama kila mtu. Jibu la mwisho lina biashara nzima ndani yake. Mteja huyu hakusumbuliwa na mshono wala bei. Alisumbuliwa na mfanyakazi aliyeajiriwa katikati ya mwaka, oda ndogo inayokataliwa, rangi isiyolingana, na bosi anayemwuliza yeye. Kama watu wanne au watano kati ya 15 watasimulia kitu cha namna hiyo bila wewe kuwawekea maneno kinywani, umepata cha kushika.

Andika maneno yao kama walivyoyasema, usiyasafishe. "Unaona kabisa huyu mpya, huyu wa zamani" lina nguvu kuliko chochote utakachokitunga baadaye ukiwa umekaa peke yako.

Hatua ya 3: Watazame washindani kwa jicho la mnunuzi

Sasa rudi kwenye zile njia nne, uzipitie kama mteja. Ulizia bei kwa washindani, soma wanachokiahidi kwenye mabango na kurasa zao, soma malalamiko ya wateja wao mtandaoni, na ikiwezekana nunua kitu kimoja. Pima muda kuanzia unapouliza hadi unapojibiwa, na kuanzia unapolipa hadi unapopokea. Fanya hivi bila udanganyifu. Hakuna haja ya kumpotezea mtu siku nzima kwa oda usiyokusudia kuilipa.

Kisha chora ramani. Mistari miwili inayokatana, kila mmoja ukiwakilisha jambo moja ambalo wateja walilitaja wenyewe. Kwa karakana, mstari wa kwanza unaweza kuwa ukubwa wa oda, kutoka sare moja hadi mamia. Wa pili ni uhakika wa kulingana kwa rangi na kipimo. Viwanda vinakaa upande wa oda kubwa, rangi inalingana. Mafundi wa kawaida wanakaa upande wa oda ndogo, rangi ni bahati. Upande wa oda ndogo zinazolingana kila mara, hakuna mtu.

Mitego miwili iko hapa. Wa kwanza ni kuchagua mistari inayokupendelea, kama "ubora" na "uaminifu," ambapo kila mwenye kuchora hujikuta juu kabisa upande wa kulia. Ndiyo maana mistari lazima itoke kwenye midomo ya wateja wa hatua ya 2. Mtego wa pili ni kuifurahia sehemu tupu kabla hujajua kwa nini ni tupu. Pengine hakuna aliyeiona. Pengine wameiona na hakuna mnunuzi. Tofauti kati ya hayo mawili utaijua kwa kurudi kwenye mazungumzo: kuna watu waliokwisha hangaika, wakatumia muda au fedha kutafuta suluhisho la hapo? Kama wapo, ni tupu yenye watu wanaosubiri.

Hatua ya 4: Chagua mteja mmoja na sababu moja

Hapa ndipo moyo hudunda, kwa hiyo tukae kidogo.

Karakana yetu inaweza kuchagua hivi: ofisi na biashara zenye wafanyakazi kati ya 10 na 60, ambazo zinaajiri mmojammoja mwaka mzima. Sababu ya kuichagua ni kwamba sare ya mfanyakazi mpya inapatikana ndani ya siku 3, hata akiwa mmoja, rangi ileile na za wenzake.

Pima chaguo lako kwa maswali matatu. Je, mteja huyo analiona jambo hili kuwa kubwa kiasi cha kubadili anakonunua? Je, unaweza kulitimiza kila mara, hata wiki mbaya, hata fundi mmoja akiugua? Na mshindani mkubwa akitaka kukuiga, itamgharimu nini? Swali la tatu watu hulipuuza. Kiwanda kinachopata faida kwa kushona mamia kwa mkupuo hakiwezi kusimamisha mashine kwa ajili ya shati moja bila kujiumiza. Hicho ndicho unachokitafuta: jambo ambalo mkubwa hawezi kulifanya bila kuharibu kinachomlisha.

Kuna kipimo kingine cha haraka ninachokipenda. Igeuze kauli yako kinyume, uone kama kuna mtu mwenye akili timamu angeichagua hiyo kinyume. "Tunawajali wateja" ikigeuzwa inakuwa "hatuwajali wateja," na hakuna anayeendesha biashara hivyo. Basi kauli ya kwanza haisemi kitu. "Tunachukua hata oda ya sare moja" ikigeuzwa inakuwa "hatuchukui oda chini ya 50," na viwanda vingi vimechagua hivyo kwa sababu nzuri kabisa. Basi hiyo inasema kitu.

Chaguo la kweli lina upande wa kuacha. Karakana hii itabidi iache magauni ya sherehe, kwa sababu gauni moja lenye marekebisho manne linakula muda ambao ahadi ya siku 3 inauhitaji. Iache mapazia. Iache pia oda ya sare 400 inayokuja mara moja na kuziba mashine zote mwezi mzima. Mwenye biashara atauliza, na ana haki ya kuuliza: niikatae fedha iliyo mezani? Jibu langu ni kwamba anza kupunguza kwa utaratibu. Acha kutangaza kazi hizo, ziongezee muda wa kusubiri na bei inayolingana na usumbufu wake, halafu zielekeze kwa fundi mwenzako unayemwamini. Kodi ya chumba inalipwa kila mwezi, na hakuna busara katika kufunga mlango mmoja kabla wa pili haujafunguka. Ila lazima uwe na tarehe ya kuufunga.

Wengine huogopa kwamba kuwa mdogo au wa pili ni aibu ya kufichwa. Kampuni ya kukodisha magari ya Avis, Marekani, ilikuwa nyuma ya mshindani wake Hertz na ilikuwa imepata hasara kwa zaidi ya miaka 10 ilipoanza, mwaka 1962, kutangaza waziwazi kwamba yenyewe ni namba 2 tu, na kwa hiyo inajitahidi zaidi. Ikarudi kwenye faida muda mfupi baadaye. Jambo ambalo watu hulisahau katika habari hiyo ni kilichofuata baada ya kukiri. Matangazo yale yalitaja vitu vya kushikika: vibweta vya majivu visivyo vichafu, matanki ya mafuta yaliyojaa, waipa za kufutia kioo zisizochakaa, magari yaliyooshwa, matairi yenye upepo wa kutosha. Mteja angeweza kukagua kimoja baada ya kingine akiwa amekaa ndani ya gari. Kuwa wa pili kukageuka kuwa sababu inayoeleweka ya kwa nini gari litakuwa safi.

Volkswagen ilifanya jambo la karibu na hilo Marekani mwaka 1959. Katika soko la magari makubwa, ikalitangaza gari lake dogo kwa udogo wake hasa, badala ya kujaribu kulifanya lionekane kubwa.

Hatua ya 5: Igeuze ahadi kuwa utaratibu wa kazi

Ahadi ya siku 3 haitimizwi na bidii. Inatimizwa na mpangilio, na mpangilio unaanza na kitambaa.

Kitambaa cha rangi moja kikitoka kiwandani kwa mikupuo tofauti kinaweza kupishana kidogo, na macho huona tofauti hiyo watu wawili wakisimama pamoja. Kwa hiyo karakana italazimika kununua robota za mkupuo mmoja na kuweka akiba kwa ajili ya kila mteja, ikiwa imeandikwa jina lake. Hiyo ni fedha inayolala stoo, na lazima ihesabiwe kwenye bei. Itahitaji daftari au faili la kila ofisi: patani iliyotumika, aina ya vifungo, rangi ya uzi, mahali nembo inapokaa na kwa kipimo gani. Itahitaji mashine moja ambayo asubuhi haipangiwi kazi nyingine, ili oda ya mtu mmoja isisubiri foleni. Na itahitaji namna ya kuchukua vipimo bila mfanyakazi kuja, pengine shati za sampuli za saizi zote zinazoachwa ofisini kwa mteja.

Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba nafasi imeanza kuonekana kwenye rafu, kwenye ratiba na kwenye daftari. Ndiyo ulinzi wenyewe. Mshindani anaweza kunakili maneno yako jioni hii. Kunakili robota zilizotengwa, mafaili ya ofisi 30 na mafundi waliozoea kazi hiyo kutamchukua muda mrefu. Kampuni ya magari ya Volvo haikupata sifa ya usalama kwa kusema tu. Mwaka 1959 mhandisi wake Nils Bohlin alibuni mkanda wa usalama unaoshika mwili sehemu tatu, kampuni ikaruhusu watengenezaji wengine wautumie, na ikaendelea kufanya kazi upande huo kwa miongo kadhaa.

Kama ukichunguza utaratibu wako na kuona huwezi kutimiza ahadi mara 9 kati ya 10, rudi hatua ya 4 uchague ahadi ndogo zaidi. Siku 5 za uhakika zinamfaa msimamizi kuliko siku 3 za kubahatisha, kwa sababu naye amemwahidi bosi wake.

Hatua ya 6: Ipe kila bidhaa kazi yake

Biashara ikishapata nafasi, bidhaa zake haziwezi kubaki zikipangwa kama zamani. Pitia kila unachouza na uulize kinafanya kazi gani katika nafasi hiyo.

Kuna bidhaa ya kufungulia mlango, ambayo mteja mpya huijaribu kwa hofu ndogo. Kwa karakana ni sare ya mfanyakazi mmoja mpya, hata kama sare za wengine zilishonwa kwingine, ilimradi kitambaa kinachofanana kimepatikana. Kuna bidhaa inayoleta faida yenyewe: mkataba wa mwaka wa kuitunzia ofisi sare, vipimo na kitambaa cha akiba. Na kuna vitu vidogo vinavyotia nguvu ahadi, kama kurekebisha na kubadilisha vifungo.

Vilivyobaki ambavyo havifungui mlango, havileti faida wala havitii nguvu ahadi, viondoe taratibu. Kila kitu kinachozidi hapo kinamchanganya mteja anayejaribu kukumbuka nyinyi ni wa jambo gani.

Hatua ya 7: Panga bei inayolingana na nafasi

Bei ni sehemu ya ujumbe. Ukisema mnamwondolea mtu usumbufu mkubwa, halafu ukaweka bei ya chini kuliko wote, atajiuliza mnakata wapi.

Kabla ya kushusha bei ili kumfukuzia mshindani, fanya hesabu hii. Tuseme unauza kitu kwa 100 na kinakugharimu 80. Faida yako kwa kila kimoja ni 20. Ukitoa punguzo la asilimia 10, bei inakuwa 90 na faida inabaki 10. Ili upate faida ileile ya mwanzo, itabidi uuze mara mbili ya ulivyokuwa unauza, kwa mafundi walewale na saa zilezile. Sasa fanya kinyume chake. Ukipandisha kwa asilimia 10, bei inakuwa 110 na faida 30. Hata ukipoteza mteja mmoja kati ya kila watatu, faida yako kwa jumla inabaki palepale, na kazi imepungua. Weka namba zako halisi badala ya hizi, kisha uamue. Sijaona njia fupi zaidi ya kumtuliza mtu aliyeshikwa na hamu ya kushusha bei kwa sababu jirani ameshusha.

Bei ya chini kabisa ni nafasi halali, lakini ni ya yule ambaye gharama zake ni za chini kuliko za wote, na biashara ndogo ni nadra kuwa huyo. Tena hata kwa anayeiweza ina hatari yake. Kampuni ya Tata ya India ilionyesha gari la Nano mwaka 2008, likajulikana duniani kote kama gari la bei ya chini kuliko yote. Watu wengi waliokusudiwa hawakutaka kuonekana wakiendesha gari lenye sifa hiyo, na pamoja na matatizo mengine mauzo hayakufika yalikotarajiwa. Uzalishaji ukasimama mwaka 2018. Ratan Tata mwenyewe, aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni hiyo, alisema baadaye kwamba kulitangaza hivyo kulikuwa kosa. Mnunuzi alitaka gari la kujivunia ambalo anaweza kulimudu.

Hatua ya 8: Andika kauli, kisha ipeleke kila mahali

Sasa tu ndipo unaandika. Kwanza kauli ya ndani, ya kuongozea maamuzi: kwa nani, anapokuwa na tatizo gani, sisi ni nani, tunamfanyia nini ambacho njia nyingine haimfanyii, na ushahidi ni upi. Kwa karakana: "Kwa ofisi zenye wafanyakazi 10 hadi 60 zinazoajiri mmojammoja, sisi ni karakana ya sare inayomvisha mfanyakazi mpya ndani ya siku 3, kwa rangi ileile ya wenzake, kwa sababu tunatunza kitambaa na vipimo vya kila ofisi."

Hiyo haiendi kwenye bango. Kwa bango rudi kwenye maneno ya yule dada: "Mfanyakazi mpya, rangi ileile, siku 3." Fupi, na kila neno linaweza kukaguliwa. Ondoa "bora," "ya kisasa," "ya kuaminika" na ndugu zao wote. Weka picha ya watu wawili wamesimama pamoja, mmoja wa zamani na mmoja mpya, msomaji ashindwe kutambua nani ni nani.

Maneno hayohayo yaonekane kwenye ukurasa wako, kwenye ankara, kwenye wasifu wa WhatsApp na kwenye mdomo wa anayepokea simu. Huyu wa simu ndiye anayesahaulika. Mteja akipiga na kuambiwa "ndiyo, tunashona chochote," kazi yote ya hatua saba imepotea kwa sentensi moja. Kaeni naye, mpitie pamoja namna ya kumjibu mtu wa mapazia kwa heshima na kumwelekeza kwa mwenzenu.

Hatua ya 9: Jaribu kwa udogo, na ujiandae kuigwa

Usibadilishe kila kitu siku moja. Peleka kauli mpya kwa ofisi 20 zinazofanana na mteja uliyemchagua, kwa simu au kwa kuwatembelea, usikilize wanachouliza. Wakiuliza "mnachukua oda hata ya mtu mmoja kweli?" wamekuelewa na sasa wanataka ushahidi. Wakiuliza "bei gani?" kabla ya chochote, ama umekosea mteja ama ujumbe haujamgusa. Wakikusifu kisha wakanyamaza, hesabu hiyo kuwa hapana.

Baada ya kuanza, fuatilia vitu vichache kwa daftari. Kila oda mpya, uliza aliyeileta alisikia nini kuhusu nyinyi na uandike maneno yake. Andika mara ngapi ahadi ya siku 3 ilitimia. Andika mara ngapi mteja aliomba punguzo. Idadi hiyo inapopungua, nafasi inashika. Andika pia oda zilizopotea na zilikwenda kwa nani.

Mshindani atakuja kuiga, hasa akiona unafanikiwa. Usikimbilie kubadili kauli. Tazama kwanza ameiga nini. Akiiga maneno bila robota na mafaili, wateja watagundua mara ya kwanza atakapochelewa. Akiwekeza kweli, ingia ndani zaidi badala ya kutapakaa: mkataba wa mwaka, akiba ya sare tatu za saizi za kawaida zilizokwisha kushonwa kwa kila ofisi, siku 3 zigeuke siku 1.

Sababu halali ya kuhama ni moja: wateja uliowachagua wamebadilika. Ofisi zikiacha sare kabisa, au zikipata njia mpya ya kutatua lile tatizo la mtu mpya, daftari litakuonyesha kabla ya mauzo kuporomoka, kwa sababu majibu ya "mlisikia nini kuhusu sisi" yataanza kutaja mambo mengine. Kila baada ya miezi 6 yasome majibu hayo yote kwa mkupuo mmoja, ukiwa na karatasi ya hatua ya 1 pembeni, na uandike upya zile njia ambazo mteja angezichukua kama usingekuwepo.